Mimea ya Same kwenye dirisha la Minneapolis

Ukiuza michoro mtandaoni, laiki hazikuambii kitu. Mimi nasikiliza maswali. Aliyepita akabonyeza laiki ameshanisahau kabla hajafika kwenye picha inayofuata, lakini anayeandika usiku wa manane, "Dada, samahani, shubiri yangu imelegea ghafla, nifanyeje?", huyo nitaonana naye tena. Wengi wanaonilipia kazi leo walianza na swali la namna hiyo, na maswali yenyewe huanza kumiminika Oktoba, Machi yakapungua. Pesa ya msanii asiye na mwajiri na namna ya kuvusha mimea kwenye baridi ni mambo ambayo watu huyaona hayana uhusiano. Kwangu yameshikana, na sikupanga yashikane.

Nachonga linoleo. Ni lile zulia gumu la sakafuni, linalotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani na unga wa mbao, mgongoni likiwa na kitambaa cha gunia. Unachora kinyumenyume, unachimba kwa patasi ndogo sehemu zinazotakiwa kubaki nyeupe, unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu, kisha unasugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao mpaka karatasi iunywe wino. Ninachochonga ni mimea ya ukame niliyokulia nayo Same, mkoani Kilimanjaro, Tanzania: mshubiri, mkonge pori, mnyaa, na ule mti mfupi wenye shina lililovimba ambao wauza maua wa Dar es Salaam wanauita waridi la jangwani. Naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, mji ambao wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Mimea hiyo hiyo naitunza dirishani, maana siwezi kuchonga vizuri kitu ambacho sikioni kikichipua na kunyauka.

Shangazi yangu mpaka leo haielewi biashara hii. Nikimpigia, baada ya shikamoo na marahaba, swali lake halibadiliki. "Mwanangu, hao watu wanatoa dola kwa picha ya mshubiri? Si uwapelekee wenyewe, huku umejaa mpaka mbuzi wanaukwepa." Nimemweleza kwamba haiwezekani. Jamii zote za shubiri, isipokuwa ile moja ya madukani, Aloe vera, ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo huvuki nayo mpaka bila vibali. Hata waridi langu la jangwani sikutoka nalo nyumbani. Nililiotesha kwa mbegu nilizonunua hapa hapa Marekani. Shangazi akasema, haya, Wazungu wana mambo yao. Sikubisha.

Sasa baridi yenyewe. Watu hudhani adui wa kwanza ni theluji, kumbe ni giza. Same jua linapita karibu na utosi, na sijawahi kusikia mtu akiuliza dirisha la nyumba yake linaangalia wapi. Minneapolis iko karibu nyuzi 45 kaskazini mwa Ikweta. Tarehe 21 Desemba, saa sita mchana, jua liko nyuzi 22 hivi tu juu ya upeo wa macho, na mchana mzima hautimizi saa 9 kwa urefu. Dirisha la kusini ndilo linalopata chochote. La kaskazini ni pambo tu. Mmea uliowekwa huko hurefusha shingo, majani yanaachana, shina linapauka, na mwenyewe ananitumia picha akifurahi kwamba umekua. Haujakua, unatafuta jua. Dawa yake ni taa ya LED ya mimea, ining'inie kama sentimita 30 juu ya majani, iwake saa 12 hadi 14 kwa siku, ikiwa imeunganishwa na swichi inayojizima yenyewe. Taa hizi si ghali tena, na hazitumii umeme mwingi.

Baada ya mwanga ndipo tuje kwenye maji. Mmea wa aina hii ni ghala la maji, na ghala hilo ndilo linaloumaliza. Majani ya mshubiri yamejaa seli pana zenye maji. Joto likishuka chini ya sifuri maji hayo yanaganda, chembe za barafu zinatoboa kuta za seli, na barafu ikiyeyuka jani linabaki teketeke. Mmea uliokaa bila kumwagiliwa una utomvu mzito zaidi, na utomvu mzito huchelewa kuganda. Ndiyo sababu kuanzia mwishoni mwa Septemba napunguza maji, na katikati ya baridi mimea mingine inakaa wiki nyingi bila hata tone. Ikisinyaa kidogo, naiacha isinyae. Hapa ndipo ninapobishana na watu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu moyo wa binadamu akiona kitu kimenyauka unamtuma kuchukua kopo la maji.

Mimea yote naiingiza ndani usiku unapoanza kukaribia nyuzi 10 za Selsiasi. Jalidi ya kwanza, yaani umande unaoganda usiku, hapa kwa kawaida hufika nusu ya kwanza ya Oktoba, lakini waridi la jangwani na mkonge pori wameshaanza kuumia kabla ya hapo. Mshubiri una uvumilivu zaidi, ila nao ukipigwa na jalidi hauponi.

Kuingiza ndani peke yake hakutoshi. Tarehe 30 Januari 2019 joto la mji huu lilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri, na kioo cha dirisha langu kilikuwa na barafu upande wa ndani, upande ninaokaa mimi. Siku kama hizo pembe ya dirisha ni hali ya hewa nyingine kabisa, tofauti na katikati ya chumba. Mama mmoja Mkongomani anayeishi jimbo la Maine alinitumia picha ya mshubiri wake siku za baridi ya namna hiyo. Majani yote yalikuwa mazuri ila moja, lile lililokuwa likigusa kioo. Kutoka ncha hadi katikati lilikuwa limegeuka kama kitunguu kilichochemshwa: linaangaza, unaona mpaka nyuzinyuzi za ndani, na mpaka kati ya sehemu iliyokufa na sehemu nzima umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Aliuliza kama ni ugonjwa, na kama utaambukiza mingine. Nikamwambia, "Hapana mama, ni kioo tu. Likate hapo hapo kwenye mstari, uache kidonda kikauke, usogeze chungu upana wa kiganja kutoka dirishani." Usiku wa baridi kali weka boksi bapa au blanketi kuukuu kati ya kioo na vyungu. Na hita ikiwa chini ya dirisha, usiweke chungu juu yake. Mizizi inakaangika huku majani yanaganda.

Picha ile ndiyo iliyonipa wazo. Nilimwomba ruhusa, nikachonga jani lile. Si mmea mzima, jani moja tu, na mstari wake. Chini yake nikaandika maneno machache ya nini cha kufanya. Nilipoliweka mtandaoni lilizunguka kuliko kazi zangu zote za miaka ya nyuma, zile nzuri zenye milima ya Pare nyuma yake. Mwanzoni iliniuma. Msanii anapenda asifiwe kwa kazi aliyoisumbukia. Lakini walionunua lile jani waliandika: mmoja anataka kujua habari za mnyaa, mwingine ana mkonge pori uliooza kitovuni, wa tatu ana mama yake Mombasa aliyekuwa akipaka utomvu wa shubiri kwenye chuchu ili mtoto aache ziwa, je, nami naukumbuka uchungu ule? Naukumbuka.

Waliponizoea ndipo nikafungua uanachama wa kulipia kila mwezi. Patreon, jukwaa nililolianzia, lilianzishwa mwaka 2013 na mwanamuziki Jack Conte pamoja na Sam Yam, baada ya Conte kutumia pesa nyingi kutengeneza video moja ya muziki na kuona matangazo yanamrudishia vijisenti. Wazo lao lilikuwa rahisi: mashabiki wachache watoe kidogo kila mwezi, msanii ajue mwezi ujao ana nini. Nalikubali wazo hilo mpaka leo. Majukwaa yanayoliuza ndiyo nayaangalia kwa jicho la mwenye duka anayemwangalia mwenye nyumba.

Kwa maana kodi hubadilika. Desemba 2017 Patreon walitangaza kwamba kila mchango utaongezwa ada ya asilimia 2.9 na senti 35, ikilipwa na mchangiaji. Ukichangia wasanii kumi dola moja moja, hesabu hiyo inakula. Watu walijitoa, wasanii wakapiga kelele, na kabla wiki chache hazijapita mpango ukafutwa na kampuni ikaomba radhi. Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono, nao walipandisha makato ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5 mwezi Aprili 2022, mbali na senti 20 za kuweka kila bidhaa. Sisemi ni wezi. Nasema nina daftari la barua pepe na anwani za posta za wanachama wangu, lililoandikwa kwa mkono wangu, na jukwaa likifungwa kesho nitajua pa kuanzia. Msanii anayeanza leo nitamwambia hilo kabla ya kumwambia habari za kamera au za wino.

Wanachama wangu nawapa kadi moja ya posta kila mwezi, iliyochapwa kwa mkono, na mmea mmoja na neno moja la kuutunza. Basi. Kuna ushauri unaozunguka kwamba msanii lazima atoe video kila siku, azungumze na mashabiki mubashara, awe na ngazi tano za uanachama zenye zawadi tano tofauti. Nimeona wenzangu waliofuata ushauri huo wakaishia kuwa watumishi wa zawadi, linoleo limekaa pembeni linavuta vumbi. Ahadi ndogo inayotimia inanitosha. Kadi ikichelewa wiki moja watu wanavumilia, kwa sababu ni kitu cha kushika, kina alama ya kidole changu pembeni wino ukiwa haujakauka vizuri.

Januari wanachama hupungua. Bili za Krismasi zimefika, watu wanakagua makato kwenye kadi, na mchoraji ndiye wa kwanza kukatwa. Huo pia ndio mwezi ambao maswali ya mimea ni mengi kuliko yote. Kwa hiyo Januari siombi mtu abaki, najibu maswali. Wanaporudi Machi hurudi na rafiki.

Kisa kimoja cha Januari nakieleza kwa urefu, kwa sababu mpaka sasa ndicho swali ninaloulizwa zaidi. Kaka mmoja kutoka Kilifi, anayefanya kazi kaskazini mwa Uingereza, alikuwa na waridi la jangwani lililopukutisha majani yote. Alidhani linakufa kwa kiu, akalinywesha. Kupukutisha si ugonjwa. Mmea huo baridi ikifika hulala, na ukilala haunywi, kwa hiyo maji yanabaki kwenye udongo na kuozesha kile kisiki kilichovimba. Nilimwambia abonyeze kisiki kwa kidole gumba, kuzunguka chote, taratibu. Kikiwa kigumu pande zote, liache, halijambo. Kikibonyea upande, ling'oe leo, usingoje kesho. Alipobonyeza kilibonyea karibu na udongo, na akasema kinatoa harufu ya viazi vilivyosahaulika kabatini. Tukafanya kazi kwa simu: osha udongo wote, kata sehemu laini kwa kisu kilichopitishwa kwenye spiriti, futa kisu kila baada ya mkato mmoja, endelea mpaka nyama inayoonekana iwe nyeupe bila doa la kahawia. Kisha acha mmea uchi, bila chungu, mahali pakavu penye joto la kama nyuzi 20 au zaidi, mpaka kidonda kifanye gamba gumu. Wiki mbili ni kawaida.

Nilimsisitiza avae glavu. Utomvu wa mti huo una sumu inayoshambulia moyo. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi huutumia kwenye mishale yao. Kaka yule alicheka, akasema yeye anaishi na mti wa mishale chumbani na watu wa nyumba yake wanauita pambo. Nikachonga kadi ya mkono wenye glavu ukishika kisiki kilichokatwa. Mti ulipona, ukatoa chipukizi mbili Mei. Yeye amekuwa mwanachama tangu hapo na ndiye anayenisahihishia majina ya mimea ya pwani nikikosea.

Wazee wa Minnesota nao wana mlango wao wa kuingilia. Karibu kila bibi hapa ana chungu cha vayoleti ya Afrika dirishani, yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, na wachache sana wanajua yametoka milima ya Usambara. Mjerumani Walter von Saint Paul, aliyekuwa mtawala wa wilaya huko wakati wa ukoloni, aliyapeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akayapa jina la kisayansi la Saintpaulia. Si mmea wa ukame, ila nao hauwezi baridi. Nilipouchonga na kueleza kwamba kwetu unaota kwenye miamba yenye kivuli karibu na maporomoko, mabibi wale walinunua wao na kuwanunulia dada zao. Januari moja Kickstarter, jukwaa la kuchangisha pesa za miradi, lilikuwa na mwito wa kuwahimiza wabunifu watoe kazi ya nakala 100 tu, na vayoleti ile niliiingiza humo. Pale sheria ni yote au hapana, lengo lisipofikiwa hupati kitu, na likifikiwa jukwaa linachukua asilimia 5 pamoja na gharama za malipo. Nakala 100 kwa kijiko cha mbao ni kazi ya mabega. Nusu ya mwisho nilichapa kwa mkono wa kushoto.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kikwazo cha kijinga. Watu wa Arusha, Nairobi na Dar walitaka kuchangia, lakini kadi za benki zinawasumbua, na dola tano kwa mwezi ni pesa nyingi. Sasa mdogo wangu aliyeko Moshi anapokea kwa simu kiasi chochote, anaandika kwenye daftari, na mimi namtumia faili achape pale mjini kwenye karatasi ya kawaida. Si chapa ya mkono na hatusemi kwamba ni ya mkono. Wengi wa hao ni walimu, wanaibandika darasani.

Wale wasiotaka shida ya dirisha nawashauri wapande nje vitu vinavyoijua baridi. Minnesota ina dungusi wake wa asili, Opuntia fragilis, anayeota kwenye miamba ya matale magharibi mwa jimbo. Baridi ikikaribia hutoa maji mwilini, anakunjamana, analala bapa chini, theluji inamfunika na kumkinga na upepo, na Mei anajaa tena. Nilimchonga akiwa amelala hivyo, mbaya kabisa wa sura. Mteja mmoja aliniuliza kwa nini nimechora mmea uliokufa.

Kutoa mimea nje ni kazi ya Mei, na si kwa siku moja. Jani lililozoea taa ya ndani likikutana na jua la mchana linaungua na kuacha madoa meupe yasiyofutika. Anza kivulini, saa chache, kisha zaidi. Juni, Julai na Agosti hakuna anayeniuliza chochote na mauzo yanalala, kwa hiyo miezi hiyo nimewaambia wanachama kadi itakuja moja kwa yote mitatu na malipo yatasimama. Wachache waliondoka. Mimi nachonga mchana kutwa bila simu mkononi, na vibao vya msimu wote vinakuwa tayari kabla ya Septemba, mwezi ninaowaandikia wote ujumbe ule ule: wekeni kopo la maji chini.